Saini Yangu kwenye Programu Iliyoitwa Huria

Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema kwamba mimi, Maduhu, karani mkuu wa masjala ya umoja wetu wa wafugaji hapa Bariadi, nimeikagua programu mpya ya kuandikisha ng'ombe na kujiridhisha kuwa ni ya chanzo huria, kama wanachama walivyoagiza. Sikuwa nimeikagua. Bahasha ya leseni ilikuwa mezani, haijafunguliwa, na mtu pekee aliyesoma nakala yake alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikachukua kalamu. Kama ningeruhusiwa kurudia siku moja tu ya kazi, nisingechagua siku ya furaha. Ningerudi kwenye kiti kile, nikaiweka kalamu chini.

Nilistaafu mwaka jana. Ninyi mliobaki masjala mmeniomba niandike niliyoyaona. Vyeo nilipanda viwili, na mshahara ulikuwa mshahara. Hayo yasitumalizie karatasi.

Nilikuja kutoka Sola na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, nikidhani karani ni mtu wa kukaa ndani. Asubuhi ya kwanza Mzee Luhende wa Nkoma, aliyekuwa mwandikishaji wetu, alinichukua tukaenda joshoni. Kulikuwa na ukungu. Ng'ombe walitoka kwenye maji ya dawa mmoja mmoja, wakijikung'uta, wakapita mbele yetu na kuyeyuka. Ulisikia kwato baada ya mwili kutoweka. Mpaka leo nikisinzia mchana kibarazani nawaona wakipita vile, bila mchungaji, bila haraka, kama mawingu yaliyoshuka kunywa maji.

"Mwangaluka, mwanangu," Luhende alinisalimu, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana ofisini. Aliamini salamu ya ofisini haifiki joshoni.

"Mwangaluka, baba."

"Funga macho. Huyu aliyepita sasa hivi yukoje?"

"Ni mweupe, mzee. Ana madoa."

"Madoa gani?"

"Meusi."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Umemwona kama mwizi anavyomwona. Mwizi huona ng'ombe. Sisi tunamwona huyu."

Nilikaa joshoni wiki tatu kabla sijaruhusiwa kugusa kitabu. Na kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa, cha jalada gumu, kila ukurasa ng'ombe wanne. Tulikuwa na mihuri miwili ya mpira: mmoja wenye umbo la ng'ombe ubavu wa kushoto, mwingine wa kulia. Unagonga mihuri yote miwili, unapata ng'ombe mtupu asiye na rangi, halafu kwa penseli unamjaza madoa yake yote, kila moja mahali pake. Penseli iwe laini. Penseli ngumu hutoboa karatasi, na ng'ombe mwenye tundu tumboni hamfurahishi mwenyewe.

Chini ya picha tuliandika jina la rangi. Hapa ndipo Luhende alipokuwa bahari. Wasukuma hatusemi tu ng'ombe ni mweusi na mweupe. Tuna neno la yule mweupe aliyefunikwa weusi mabegani kama aliyejitanda shuka, na neno lingine kama shuka imeshuka mpaka kiunoni. Luhende alikuwa na maneno ambayo hata baba yangu hakuwa nayo. Nayageuza kwa Kiswahili ili mliotoka mbali mnielewe: shingo ya kanga, moshi wa asubuhi, majivu yaliyomwagiwa maji. Na moja lililokuwa la ukoo wa ng'ombe wake mwenyewe, mweupe mwenye vitone vyeusi vilivyosongamana mabegani na kupungua kuelekea mkiani, kama matone yanapoanza kupiga vumbi. Aliita mvua inaanza.

Desturi ya umoja wetu ilikuwa hii. Mwenye ng'ombe hutaja rangi kwa sauti, mbele ya watu. Karani hurudia. Mwenye ng'ombe huitika. Ndipo unagonga muhuri. Kama karani amerudia vibaya, watu wote hucheka na unaanza upya. Nimechekwa sana. Chapa ya moto Luhende hakuipenda. "Ng'ombe ameshaandikwa na Mungu," alisema, "nawe unataka kuandika juu yake?"

Msidhani kitabu kile kilikuwa pambo. Mwaka wangu wa pili, mtamba wa Mayu Kabula, mjane wa Nkoma, alipotea, akaonekana mnadani upande wa Maswa mikononi mwa mtu mwenye sauti kubwa. Tukaenda na kitabu kimefungwa kwenye turubai, maana mvua ilikuwa inatishia. Yule bwana akasema, "Ng'ombe wangu namjua, ana doa jeusi kichwani." Kila mtu aliliona doa la kichwani. Luhende akamgeukia Mayu Kabula.

"Mayu, taja."

Yule mama hakumwangalia hata ng'ombe. Alilitaja jina la rangi, akaongeza kwamba ndani ya paja la kushoto kuna doa lenye umbo la jani la mlenda. Luhende akafungua ukurasa, wazee wa mnada wakainama kutazama penseli yangu, halafu wakamwinua mtamba mguu. Jani la mlenda lilikuwa pale. Mtu wa sauti kubwa akasema labda amefananisha. Mzee mmoja akamjibu, "Fananisha na njia ya kurudi kwenu."

Siku hiyo tukirudi Luhende aliniambia, "Doa lile umelichora vizuri, mwanangu." Sijawahi kupewa cheti kilichonikaa hivyo.

Miaka ikaenda. Luhende akastaafu akarudi Nkoma kwa ng'ombe wake, nami nikakalia kiti chake. Kompyuta zikaja. Programu ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa imefungwa kila upande. Aliyeiuza alipobadilisha simu na kupotea, ikagoma kufunguka, na tukashukuru kwamba vitabu vilikuwa bado vinaandikwa. Wanachama walikasirika. Mkutano mkuu ukapitisha kwamba programu yoyote ijayo iwe ya chanzo huria, na karani mkuu athibitishe kwa maandishi. Wengi hawakujua maana yake barabara, ila walijua walichokitaka. Walitaka kitu ambacho kikiharibika wanaweza kukitengeneza wenyewe, kama jembe la kukokotwa.

Maneno hayo, chanzo huria, alituletea Minza, fundi wetu wa kompyuta, mama wa watoto wawili kutoka Maswa, ambaye hakuwahi kunyamaza kwa heshima pale ambapo kusema kulikuwa na heshima zaidi. Alinifafanulia mara nyingi, nami niliitikia mara nyingi kabla ya kuelewa. Programu inaendeshwa na maandishi yaliyoandikwa na watu. Ikiwa ni huria, unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuyasoma maandishi hayo, kuyabadilisha, na kumpa jirani yako, hata ukiwa umeyabadilisha. Ukikosa mojawapo, tafuta jina lingine la kuiita.

Muuzaji wa programu mpya alipokuja alikuwa na karatasi nzuri nene. Juu yake, kwa herufi kubwa za kijani: CHANZO HURIA. Alituonyesha maandishi ya programu kwenye skrini, yakitiririka kwenda juu kama mchwa wanaohama. Mwenyekiti alifurahi. Aliniita "mtaalamu wetu" mbele ya mgeni. Kwa mtu wa kidato cha nne neno hilo ni pombe.

Minza alipewa nakala ya leseni siku mbili. Asubuhi ya kusaini alinivuta pembeni.

"Mzee Maduhu, hii siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo huria. Leseni inaruhusu kusoma tu. Kubadilisha ni mpaka wakupe kibali. Kumpa mwingine, marufuku. Na sehemu inayofungua kumbukumbu haimo kwenye maandishi waliyotuonyesha. Imekuja imefungwa."

"Lakini si tumeyaona yanapita?"

"Hata buchani nyama unaiona dirishani, mzee. Umeila?"

Nilicheka. Nikamwambia tutalizungumza. Akasema leseni iko kwenye ile bahasha, nifungue ukurasa wa nne, anisomee mbele ya mwenyekiti. Ilikuwa ya Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kujaza fomu. Nikamwona mwenyekiti anatazama saa, muuzaji anatabasamu, nami nikijiwazia namkabidhi karatasi mwanamke aliyezaliwa nikiwa tayari kazini, anisomee kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikumwogopa muuzaji. Niliogopa aibu ya dakika tano.

"Mtaalamu, tuko sawa?" mwenyekiti akauliza.

"Tuko sawa," nikasema.

Minza aliondoka mlangoni. Baadaye alinipa chai, akaniambia sukari nijitilie mwenyewe kwa kuwa mimi ni mtaalamu.

Programu ilikuwa safi kuitazama. Ilikuwa na rangi tano za kuchagua: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kahawia, mchanganyiko. Haikuwa na nafasi ya picha. Sehemu ya maelezo ilipokea herufi ishirini. Jina la shingo ya kanga kwa Kisukuma liliingia nusu, likabaki shingo bila kanga. Siku ya kwanza tuliandikisha ng'ombe wa watu wengi, na jioni nilipopitia orodha niliona neno moja likishuka ukurasa mzima. Mchanganyiko. Mchanganyiko. Mchanganyiko. Ukungu ulikuwa umerudi, lakini safari hii haukuwa na ng'ombe ndani.

"Orodha ya rangi naiona," Minza alisema, akigusa skrini kwa kidole. "Mstari huu hapa. Naweza kuongeza rangi zote za Mzee Luhende leo hii. Nusu saa."

"Ongeza basi, si ni huria?"

Alivuta kiti. Kisha, kwenye kompyuta moja ya majaribio, akaongeza moshi wa asubuhi. Akahifadhi, akawasha upya. Programu ikaandika kwamba toleo hili limebadilishwa na halitambuliki, ikakataa kufungua kumbukumbu hata moja. Alipoirudisha ilivyokuwa, ikafunguka kwa upole. Nikampigia muuzaji.

"Ni huria, mzee," akasema, wala hakuwa na ukali. "Huria kusoma. Mkitaka kubadili, andikeni ombi, watengenezaji wataliangalia."

Tukaandika ombi. Tukaandika lingine. Minza akaandika la tatu kwa Kiingereza chenye meno. Nadhani bado wanaliangalia.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana saini ilikuwa mlango tu. Ningeweza kuendelea na vitabu. Mihuri ilikuwa kwenye droo yangu, wino upo, penseli zipo. Minza alinisihi: "Andika pande zote mbili, mzee, mpaka tupate ya kweli." Lakini kila ukurasa ambao ningegonga muhuri ungekuwa unasema kwamba Maduhu alithibitisha asichokijua. Nikaagiza vitabu vifungwe kwenye masanduku, vipelekwe stoo ya nyuma. Nikasema masjala haiwezi kuwa na ndimi mbili. Lilikuwa neno zuri. Maneno mazuri yamenigharimu kuliko mabaya.

Kwa misimu miwili ya mvua, ndama wote wa wanachama walizaliwa wakaandikwa mchanganyiko. Hakuna aliyetaja rangi kwa sauti tena. Kwa nini ataje? Karani alikuwa akitazama skrini. Watu walipanga foleni, wakasema mweusi au mwekundu, wakaenda zao. Hata kicheko kiliisha.

Kisha Luhende akaja ofisini kwa mguu kutoka stendi, fimbo mkononi, kofia yake ileile.

"Mwadila, mwanangu."

"Mwadila, baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Ng'ombe wake alikuwa ameonekana mnadani upande wa Maswa. Alikuwa wa ukoo ule wa mvua inaanza, uliotokana na jike ambalo mkewe marehemu alikuja nalo alipoolewa. Wengine walikufa mwaka wa ukame. Huyu alikuwa wa mwisho. Aliyekutwa naye alisema amemnunua kwa haki, na alikuwa na karatasi. Wazee wa mnada walisema watampa aliye na maandishi bora, wakangoja mpaka mnada wa wiki inayofuata.

"Niliwacheka," Luhende alisema. "Nikawaambia, maandishi? Ninyi hamjui masjala yetu."

Nilifungua kompyuta. Jina lake, kijiji, jike, mwaka aliozaliwa. Rangi: mchanganyiko. Nilimsomea polepole, kana kwamba upole ungeongeza kitu.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hiyo siyo rangi, mwanangu. Hiyo ni mtu aliyekataa kutazama."

Minza akasimama kutoka meza yake. "Mzee, mama yake yumo kwenye vitabu vya zamani. Bibi yake pia. Vitone hurithiwa. Tukiwaonyesha vizazi viwili vilivyochorwa, watakubali."

Uso wa Luhende ukafunguka. Alikumbuka hata kitabu: cha jalada la kijani, ukurasa wa katikati, na alikuwa amemchora bibi yule kwa mkono wake. Tulikwenda stoo sote watatu. Kulikuwa na jua la saa nane, lile jeupe la kabla ya pamba kuchanua, na vumbi lilikuwa likielea mlangoni bila kutua. Minza alivuta sanduku. Lilikuwa jepesi. Alipolifungua, vitabu vilikuwa bado vina umbo la vitabu, vimesimama kwa mpangilio wangu, migongo nje, namba zangu juu yake. Luhende akanyoosha mkono kuchukua cha kijani, na vidole vyake vikaingia ndani. Mchwa walikuwa wamekula karatasi yote na kuacha udongo uliokaa kama kitabu.

Akautoa mkono. Akautazama udongo kiganjani, akaupuliza kidogo, kama mtu anayetafuta mbegu.

"Kwa nini mliviweka chini?" aliuliza.

Minza alinyamaza, na nilijua ananyamaza kwa ajili yangu. Nikamwambia Luhende ukweli wote: barua, bahasha, ukurasa wa nne, aibu yangu, agizo langu la kufunga vitabu. Nilisema kwamba nilithibitisha kuwa tunaweza kuibadilisha programu ile wakati nilikuwa nimeshaambiwa kwamba hatuwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa hodari wa kusikiliza. Ndivyo alivyojifunza rangi.

"Asante kwa kunieleza, Bwana Karani," akasema.

Mnada uliofuata nilikwenda naye, nikaapa mbele ya wazee, nikataja rangi ya ng'ombe kwa sauti, kwa jina lake, kama zamani. Mwenye karatasi naye akaitaja, kwa kuwa sasa alikuwa ameisikia. Mzee mmoja akaniuliza, "Kitabu chenu kinasemaje?" Nikasema mchanganyiko. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha joshoni, ila sikuweza kuanza upya. Ng'ombe akaondoka na mwenye karatasi, mgongo wake mweupe ukipungua vitone kuelekea mkiani, mpaka umbali ukavifuta.

Programu ile tuliiacha. Minza sasa anaandika nyingine na wenzake, na leseni yake ameibandika ukutani kwa Kiswahili, inasomeka na yeyote anayengoja huduma. Ina nafasi ya picha za ubavu wa kushoto na wa kulia. Mkiambiwa kitu ni huria, msiulize kama mnaweza kukiona. Ongezeni rangi moja, muwashe upya, mngoje mwone. Na kama hamjaelewa karatasi, mpeni anayeelewa aisome kwa sauti, mkiwa mmekaa hapohapo, mwenyekiti akitazama saa yake atakavyo.

Wiki iliyopita Minza alikuja kibarazani kwangu na kompyuta yake magotini, anajaza orodha ya rangi. Nilimpa nilizozikumbuka, na nyingi nilizikumbuka. Kisha akanionyesha picha ya ndama wa jirani, mwekundu, mwenye mstari wa vitone vyeupe juu ya uti wa mgongo tu.

"Huyu anaitwaje, mzee?"

Neno lake lipo. Nililisikia joshoni, ndani ya ukungu, kutoka kinywani mwa Luhende, na nikalirudia, na mtu akaitika. Nilikaa muda mrefu nimefumba macho. Minza akasubiri, kisha akaandika alama ya kuuliza.

Mzee Luhende alifariki baada ya mavuno yaliyopita. Tangu siku ya stoo alinisalimia kila tulipokutana, kwa adabu, mkono wa kulia. Ugonjwani nilikwenda mara nne, akanikaribisha kiti, akauliza habari za nyumbani. Sijui kama alinisamehe. Hakusema, nami sikuthubutu kuuliza. Najua nilichopoteza. Saini ile ilimpotezea Luhende ng'ombe wa mwisho wa mkewe, iliufutia umoja wetu vitabu vyote, na mimi ilinigharimu neno moja. Kwa miaka mingi aliniita mwanangu. Alikufa akiniita Bwana Karani.